Jinsi ya kuangalia siriz ya mafumbo mkiwa wengi bila kukatiana stimu

Nianze na onyo: nitatumia Dark ile ya Wajerumani kama mfano, na nitagusa kinachotokea mwisho wa episodi ya 5 sizoni ya kwanza. Kama hujafika hapo basi acha kusoma, nenda kaangalie kwanza alafu urudi, natamani sana uipate ile episodi ikiwa mbichi kama mimi nilivyoipata.

Hapa kwetu Mbeya tuna kikundi kidogo, tunakutana Ijumaa usiku sebuleni kwa dada yangu maeneo ya Uyole, watu sita mpaka nane hivi. Tulianza na muvi za ngumi tukahamia siriz za mafumbo, zile za sayansi na kusafiri kwenye muda, na hapo ndo tukagundua kwamba utamu wenyewe unakuja episodi ikishaisha, pale watu wanapoanza kubishana. Ila ubishi huo unakufa haraka sana usipoulinda. Mtu mmoja ambaye keshaona mbele akifungua mdomo tu, imekwisha, wengine wote wanabaki kumsikiliza yeye.

Dawa yetu tumeitoa kwenye vitendawili. Unakumbuka jikoni kwa bibi, kitendawili, tega, anatega, mnahangaika, mkishindwa anasema nipeni mji, na hakuambii jibu mpaka umpe mji akaridhika nao. Bibi hawezi kutega alafu akatoa jibu hapohapo, haina maana. Sasa siriz ya mafumbo ni kitendawili kilekile ila kimetegwa na watu wa mbali, kwa hiyo aliyeshaona anakuwa mtegaji, anakaa kimya na jibu lake, na anayetaka kuambiwa lazima kwanza ajaribu, akishindwa atoe mji.

Maandalizi kwanza. Hakikisha mmepata episodi zote na zimepangwa kwa namba, hasa kama mnachukua kwenye flashi laibrari, maana kuna flashi zina episodi ya 4 alafu inaruka ya 6 na hamjui mpaka mmeshavurugwa. Dark ina sizoni tatu, ya kwanza episodi 10, ya pili 8, ya tatu 8, jumla 26, zihesabu kabla hamjatoka dukani. Kama ni kwa bando mtu ashushe mapema mchana, usitegemee mtandao wa saa mbili usiku. Lugha wekeni Kijerumani chenyewe na maandishi ya Kiingereza chini, sauti za kubandikiza zinaua hisia kabisa, mtu analia huku sauti inasoma kama taarifa ya habari.

Alafu chagueni mtu mmoja awe mtafsiri kwa wale ambao Kiingereza hakipandi, akae katikati, aseme kwa sauti ya chini, na atafsiri tu kilichosemwa, asiongeze la kwake. Kitu kimoja awe makini nacho ni saa. Kwenye Dark kuna barua imeandikwa isifunguliwe kabla ya tarehe 4 Novemba saa 10:13 usiku, na mtafsiri wetu wa mwanzo akasema saa kumi, watu wakajua ni alfajiri, tukabishana nusu saa kuhusu kitu ambacho hakipo. Ni saa nne na dakika kumi na tatu usiku. Kwenye siriz ya mafumbo ya muda saa ikikosewa fumbo zima linakosewa, kwa hiyo awe anageuza kabisa kuja saa za Kiswahili.

Na jambo lingine la maandalizi, hili nalisema kwa uzito. Kabla hamjaanza waambie watu kama kuna kitu kizito ndani. Dark inafungua na baba mtu anajinyonga. Mimi sikusema, na mle ndani alikuwepo jirani ambaye familia yake ilishapitia msiba wa namna hiyo, akanyanyuka akatoka, na niliumia sana kwa sababu lilikuwa jukumu langu kumwambia. Siku hizi nasema mapema, hii ina kifo cha namna fulani, hii ina watoto wanapotea, mtu anachagua mwenyewe kubaki au kuja wiki nyingine, na watoto wadogo wanalala.

Mkishaanza, simu ziwe kifudifudi na hakuna kusimamisha. Najua mtu anataka kuuliza huyu ni nani, avumilie, aandike swali. Umeme ukikatika hiyo ni sawa, mnasubiri, mnakunywa chai ya tangawizi, ila msianze kujadili gizani maana hapo ndo watu wanatoboa siri. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Uyole siyo ya mchezo, kila mtu aje na blanketi lake, na viazi vichemshwe mapema visije vikaanza kugawiwa katikati ya kipande muhimu.

Daftari. Hili ndo nalipenda kuliko yote. Nunueni kauntabuku moja, kurasa za mwanzo mchore koo. Kwenye Dark kuna familia nne kubwa za mji wa Winden: Kahnwald, Nielsen, Doppler na Tiedemann, na unawaona hao hao watu wakiwa 2019, 1986 na 1953, mtu ni mzee hapa, pale ni kijana, kule ni mtoto. Wengi wanakata tamaa hapo, wanasema sura nyingi mno. Sasa sisi tulipata bahati kwamba mama mkubwa anakaa nasi, hajui Kiingereza na hajawahi kuangalia siriz yoyote ya kisayansi, lakini kazi ya maisha yake yote ni kuuliza huyu mtoto wa nani na yule kaolewa wapi. Kumbe hiyo ndo silaha. Sisi tumekazana na pango na kinu cha nyuklia, yeye anauliza tu, huyu nesi Ines anayemhurumia yule mtoto Mikkel hospitalini huko 1986, jina lake la ukoo si Kahnwald, si ndo bibi yake Jonas, yule kijana stelingi ambaye baba yake alijinyonga? Tukasema ndiyo mama. Akasema basi mwangalieni vizuri huyo mtoto. Akanyamaza, na hakuna aliyemuelewa.

Kwa hiyo usije ukamuacha nje mzazi au bibi kwa kudhani mambo ya kusafiri kwenye muda ni ya vijana. Mkalishe mbele kabisa.

Episodi ikiisha, hapa ndo hasa nilitaka tufike. Zima sauti, washa taa, na kwa dakika tatu hakuna kuongea. Kila mtu anaandika kwenye kikaratasi kitu cha kwanza kilichompata, hata kama ni neno moja. Tulipomaliza hiyo ya 5, Jonas ameisoma ile barua aliyoiacha baba yake, kajua kwamba Mikkel, yule mtoto aliyepotea Novemba 2019 alitokea 1986, akabaki huko, akakua, akaitwa Michael, akamzaa yeye Jonas, na kwamba Martha aliyembusu ni shangazi yake, dada wa baba yake, basi vikaratasi vyetu vilikuwa hivi: kimoja "HAPANA", kimoja "namuonea huruma mama yake Mikkel, anamtafuta mtoto na mtoto alikuwa jirani yake mtu mzima miaka yote", kimoja kina alama za kuuliza tu mstari mzima, shemeji aliandika "hii ni mwiko sitaki kuiona tena", na mama mkubwa aliagiza aandikiwe "niliwaambia". Ukiwaachia watu waropoke hapohapo usingevipata vyote hivyo, ungepata kelele ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Vikishaandikwa, vinasomwa kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Hili lina ugumu kwetu maana tumezoea mkubwa aanze, kwa hiyo omba ruhusa ya wazee mapema na kwa adabu, waeleze sababu: mjomba akishasema anavyoona, dogo wa form two hatothubutu kusema tofauti, ataitikia tu. Mjomba wetu alielewa, akasema sawa mimi nitafunga. Na tangu hapo dogo ndo anaongoza kwa kukisia vizuri.

Mkisoma tenganisheni mlichokiona na mnachokidhani. "Jonas amevaa koti la njano" hicho umekiona. "Jonas ndo adui" hicho unadhani. Andikeni kurasa mbili tofauti. Ubishi mwingi unatokea kwa sababu mtu anatetea dhana yake kama vile aliiona kwenye kioo, ukimwambia nionyeshe dakika gani, anarudi nyuma mwenyewe. Na msibanwe na ile imani ya zamani kwamba stelingi hafi na stelingi ni mwema, siriz za namna hii zinaichezea hiyo imani makusudi kabisa.

Hasira nazo ziacheni ziseme. Shemeji alikasirika kweli kuhusu shangazi, na kwa mila zetu ana haki ya kukasirika, usimwambie "ni muvi tu bwana". Muulize kwa nini imemuuma. Tulivyomuuliza akasema kilichomuuma ni kwamba wale watoto hawakujua, wakubwa ndo wamewaficha, na maneno hayo yalitufungulia siriz yote iliyobaki, maana Winden nzima inaendeshwa na siri za wakubwa.

Sehemu ya sayansi msiiruke, ila iletwe kwa vitu mnavyovijua. Kwenye Dark wanasema muda unajirudia kila miaka 33, na wengi mle ndani walidhani ni namba ya kubuni tu. Jirani yetu Muislamu ndo alitufafanulia: mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, ndo maana Ramadhani inasogea kila mwaka, na ikishapita miaka 33 hivi inakuwa imezunguka na kurudi palepale. Ramadhani ya 1987 ilianza mwishoni mwa mwezi wa nne, ya 2020 ikaanza tena mwishoni mwa mwezi wa nne. Toa mwenyewe 1987 kwenye 2020. Hapo sebule ilinyamaza, na kila mtu akachukua kalamu kuhesabu kurudi nyuma, 1954, 1921, na baadaye sizoni ya pili ilipotaja 1921 watu walishangilia kama goli limefungwa Sokoine.

Alafu ndo unakuja mji. Mtu akishindwa kabisa na hawezi kusubiri wiki ijayo, anamwomba mtegaji, mtegaji anasema nipe mji. Ampe. Nakupa Tukuyu. Tukuyu nimekwenda nikanyeshewa kama Winden, sitaki, nipe mwingine. Nakupa Makambako. Hapo anapewa kidokezo kimoja tu, tena nje ya mlango, na anaapa kutomwambia mwingine. Mara nyingi mtu akifika kwenye mji wa pili anasema ngoja kwanza nifikirie tena, na anarudi ndani na jibu lake mwenyewe.

Aliyekosa wiki msimsimulie kwa mdomo. Mpeni flashi aangalie, aandike kikaratasi chake akiwa peke yake, akija kisomwe kabla ya vyote. Binamu yetu wa Iringa, yuko Kihesa, tunafanya naye hivyohivyo kwa simu, anaangalia Ijumaa hiyohiyo, Jumapili anapiga anasoma chake kwanza ndo sisi tunamsomea vyetu, na marufuku mtu kuweka chochote kwenye status mpaka hiyo Jumapili jioni ipite.

Vikaratasi msivitupe, vibandikeni kwenye kauntabuku na tarehe. Mkimaliza sizoni yote rudini episodi ya kwanza na daftari likiwa wazi mapajani. Sisi tulirudi, na pale Ines anapoifungua ile barua saa nne na dakika kumi na tatu, mama mkubwa aliomba tuisimamishe, akaitazama sura yake muda mrefu, akasema, "Alikuwa anajua, masikini, alikuwa anasubiri saa ifike," na kwa mara ya kwanza tukavunja sheria ya kutosimamisha.