Namna ya kuchangisha fedha na kutangaza utalii wa Kondoa

Kiongozi wa jamii anayetaka kuchangisha fedha kwa ajili ya utalii wa Kondoa, mkoani Dodoma nchini Tanzania, aanze na usajili: kikundi kidogo husajiliwa kupitia halmashauri, na shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Afungue pia akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Sehemu inayostahili muda mwingi zaidi ni kueleza wafadhili thamani ya michoro ya miambani iliyoko Kolo na vijiji jirani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ambayo baadhi ya mapango yake, likiwemo la Mongomi, bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko. Kwa sababu hiyo, wazee washirikishwe kabla ya tangazo lolote kutolewa, nao waseme ni wapi mgeni aingie na ni lini asiingie. Kwa maoni yangu, mradi unaowapuuza haustahili kuchangiwa hata shilingi moja.

Andiko la mradi litaje matumizi mahususi, kwa mfano mafunzo ya vijana waongoza wageni, ambao wawakataze watu kugusa michoro au kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Wachangiaji wadogo, wakiwemo wenye nyumba za wageni mjini Kondoa, wapewe stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji.