Trikoderma kwa miche ya nyanya: kuizalisha kwa mchele bila kukaribisha sumukuvu

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mkulima wa nyanya pale Ilula, Iringa, ambaye kinyausi (ugonjwa unaoozesha na kuangusha miche michanga) kilikuwa kinamlazia miche kitaluni kila msimu.

Trikoderma ni kuvu rafiki ya udongoni. Huvizonga vimelea vya magonjwa, yaani kuvu adui kama Fusarium na Rhizoctonia, na kuyeyusha kuta zao kwa vimeng'enya. Ila kazi ninayoithamini zaidi huifanya ndani ya mmea. Ikishakaa kwenye tabaka la nje la mzizi, nyanya huanza kujihami: mawasiliano ya asidi ya jasmoni na ethilini (homoni za mmea) huamka, kuta za chembe hukazwa, na fenoli za kujilinda hutoka upesi zaidi adui akifika, hata kwenye majani ambayo kuvu yenyewe haijayagusa. Kwa hiyo lazima itangulie ugonjwa. Mche uliokwisha kunyauka haufufuki.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nini

Kwa mmea mkubwa unaonyauka, kata kipande cha shina la chini, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria. Usitegemee Trikoderma ikuokoe hapo. Maji yakibaki safi, na ndani ya shina kuna michirizi ya kahawia huku majani ya chini yamepata njano, mara nyingi upande mmoja, shuku Fusarium. Endelea.

Hatua ya 2: Nunua mbegu ya kuvu

Pakiti iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania (Kenya ni PCPB), haijapita muda wake, na haikuwa imeanikwa dirishani mwa duka. Hiki ni kiumbe hai, jua linakiua.

Hatua ya 3: Izalishe kwenye mchele

Kama pakiti inakutosha, ruka hatua hii kabisa. Kama eneo ni kubwa na fedha ni ndogo, soma yote kabla hujawasha jiko.

Tumia mchele, si mahindi wala pumba. Najua mahindi ni rahisi kupatikana, lakini mara nyingi huja na kuvu aina ya Aspergillus tangu shambani, na kwenye mchele mweupe rangi ngeni unaiona mapema. Chemsha hadi nusu kuiva, chuja, tandaza hadi punje ziachane. Mchele ulioshikana bonge huoza katikati.

Jaza robo tatu ya mifuko inayostahimili moto, kisha ipike kwenye sufuria ya presha dakika 30 tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Sufuria ya kawaida haitoshi: kuna vijidudu ambavyo spora zake (mbegu zake ndogo mno) huvumilia maji yanayochemka. Kama huna presha, azima au acha. Subiri mifuko ipoe kabisa, ndipo utie unga wa Trikoderma kwa mikono iliyosafishwa kwa spiriti, mlango umefungwa, bila upepo.

Weka kivulini penye nyuzi joto 25 hadi 28. Utaona utando mweupe kwanza, kisha kijani kibichi kilichokolea, mara nyingi ndani ya wiki. Hapa ndipo penye hatari. Aspergillus flavus nayo ni ya kijani, ila inaelekea njano, na ndiyo inayotoa sumukuvu (aflatoksini). Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kupitia mahindi, na kupika hakuiondoi. Mfuko wenye madoa ya kijani-njano, meusi, waridi au rangi mchanganyiko usiufungue ili kuhakikisha. Ufukie ukiwa umefungwa. Baadhi ya aina za Trikoderma hunukia kama nazi, lakini usipeleke pua mfukoni. Hukumu kwa macho, na ukiwa na shaka, tupa.

Vaa barakoa kila unapofungua mfuko. Mchele huu usipewe kuku. Usiuze, kwa sababu haujasajiliwa. Na usizalishe kutoka kwenye mchele wako wa awali. Rudi kwenye pakiti kila mara, maana uchafu huongezeka kila kizazi.

Hatua ya 4: Changanya na mboji

Mboji iwe imeiva na ina unyevu. Jaza trei, sia.

Hatua ya 5: Kuhamishia shambani

Chovya mizizi kwenye maji yenye Trikoderma, jioni. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini itoke.

Usimwagie kabendazimu (dawa ya kuua kuvu) kwenye shina, kwani huua kuvu rafiki pamoja na adui. Kama huna budi kutibu Pythium (kimelea kingine kinacholeta kinyausi) kitaluni, dawa ya metalaksili haiidhuru sana Trikoderma.

Acha tuta moja bila Trikoderma, mbegu ileile, mbolea ileile. Matunda ya kwanza yakitokea, ng'oa mimea michache kila upande, pasua mashina kwa urefu na ulinganishe michirizi ya kahawia.