Muziki wa Fataki za Uani: Chagua Wimbo Unaojua Kusubiri

Mara yangu ya kwanza kuwasha fataki kwa muziki nilichagua wimbo nilioupenda kuliko nyimbo zote, wa kucheza, mapigo 128 kwa dakika. Nikapanga kila fataki ipasuke sawia na pigo la ngoma. Kufika sekunde ya 40 nilikuwa nimeshachelewa, nikaanza kukimbia. Nikawa nakimbia gizani, kiberiti cha gesi mkononi, katikati ya mirija iliyojaa baruti, kwa sababu ya wimbo. Dada yangu aliniona kutoka kwenye viti, akauzima muziki. Fataki zilizobaki tuliziwasha moja moja bila muziki wowote, nami namshukuru hadi leo.

Tangu usiku ule, ninapousikiliza wimbo kwa ajili ya fataki, najiuliza kwanza kama unajua kusubiri. Uzuri wake nauangalia baadaye.

Fataki za nyumbani huwashwa kwa utambi, na utambi hauna saa. Utambi mwingi huungua kati ya sekunde 3 na 9 kabla moto haujaifikia baruti. Fataki inayopanda juu huongeza sekunde 2 hivi hadi ipasuke. Nimeshapima boksi mbili za aina moja (boksi ni fataki ya milio mingi inayowashwa kwa utambi mmoja), zenye lebo moja, zikapishana karibu sekunde 2. Maonyesho makubwa hutumia viwashio vya umeme na kompyuta, ndiyo maana kila mwanga huangukia palepale unapotakiwa. Sisi wa uani tunawasha kwa mkono, na mkono lazima upewe muda wa kwenda polepole, kuwasha, na kurudi nyuma. Kwa hiyo wimbo wetu uwe na nafasi ambamo moto ukiingia sasa ni sawa, na ukiingia sekunde 5 baadaye ni sawa vilevile.

Nafasi hiyo mimi huiita mlango. Sehemu ya ala tupu kabla ya kiitikio ni mlango. Ngoma zinazoviringika na kupanda taratibu ni mlango mpana. Kiitikio kinachorudiwa mara tatu kina milango mitatu. Usichokitaka ni kile kimya cha ghafla kinachofuatwa na pigo moja kubwa. Najua kinavyovutia, ukikisikia unaliona kabisa ua jekundu likifunguka angani. Lakini ukikosa kwa sekunde 2 tu, kila aliyekaa kwenye kiti anajua umekosa.

Kuna jaribio ninalolifanya kwa kila wimbo. Mpe saa mtu asiyeujua wimbo huo, mwambie apige kofi wakati wowote anaotaka, mara kumi ndani ya dakika 2. Wewe fumba macho, na kila kofi lichukulie kuwa ni fataki inapasuka. Makofi sita au saba yakiangukia mahali panaponoga, uchukue wimbo huo. Yakiwa mawili, uache, hata kama ni wimbo wa harusi yako.

Sasa, kabla hujafika mbali na nyimbo, hesabu moto ulio nao. Watu wengi huanza na orodha ya nyimbo kisha huulazimisha moto uifuate, na ndipo muziki unapoisha huku boksi mbili hazijaguswa. Andika kila fataki na inavyodumu. Mara nyingi lebo hueleza idadi ya milio. Muda wake, kama haukuandikwa, tazama video ya fataki hiyohiyo ukiwa na saa mkononi. Mwaka jana tulikuwa na vitu 11, jumla ya sekunde 385 za moto. Niliweka nafasi ya sekunde 8 kati ya kimoja na kingine, mara 10, ikawa sekunde 465, yaani dakika 7 na sekunde 45. Hapo ndipo nilipotafuta nyimbo nne na kuzikata: dakika 1 na nusu, dakika 2 na robo, sekunde 110, na sekunde 130. Sijawahi kuzidisha dakika 8. Shingo za wazee huchoka, na watoto huanza kuuliza.

Ukishajua muda wa kila fataki, kasi ya wimbo inakuwa hesabu rahisi. Wimbo wa mapigo 96 kwa dakika, unaohesabiwa moja-mbili-tatu-nne, humaliza duru moja ya mapigo manne kwa sekunde 2 na nusu. Boksi la sekunde 40 litachukua duru 16, ambazo katika nyimbo nyingi ni ubeti mmoja na kiitikio chake. Milio yake ianze na ubeti, nalo litamaliza na kiitikio. Kwa fataki za kuwashwa kwa mkono napenda mapigo kati ya 70 na 100. Juu ya hapo, vidole vyako vitaanza kuufuata mdundo bila wewe kutaka, na hilo ni hatari kwa mtu aliyeshika moto.

Kuoanisha tabia ya moto na tabia ya sauti ndiko ninakokupenda kuliko yote katika kazi hii, na huwa nakesha nako.

Chukua zile fataki za dhahabu zinazopasuka juu kisha cheche zake zikainama taratibu kama matawi ya mti mzito. Rangi ile hutoka kwenye chembe za mkaa zinazoendelea kuungua zikiwa zinashuka, ndiyo maana hukawia hewani. Ukiziwekea wimbo wa haraka unazinyonga. Zipe sauti moja iliyovutwa, kinanda au mwimbaji mmoja anayeshikilia neno hadi pumzi iishe, kisha zitazame. Mwaka mmoja mama yangu aliomba wimbo wa zamani wa taratibu, nami nilidhani utawapoza watu. Niliuweka katikati na dhahabu tatu tu, moja baada ya nyingine, na baina yao giza tupu. Uani palikuwa na watu zaidi ya thelathini na hakuna aliyekohoa. Tangu hapo katikati ya onyesho langu hupungua moto na kuongezeka sauti ya binadamu.

Chemchemi, zile zinazomwaga cheche zikiwa palepale chini, ni za kufungulia. Hudumu dakika nzima, hazina kishindo, na hukuruhusu kuweka muziki wenye maneno, au gitaa peke yake linalopigwa kwa kudonoa. Jicho bado halijazoea giza, sikio bado linatafuta, kwa hiyo usiwavamie watu.

Zinazotatarika hufunika sauti zote nyembamba. Ukiziweka juu ya mwimbaji anayenong'ona, hutamsikia tena. Zipeleke kwenye sehemu yenye matari, kayamba au makofi, zitaungana nayo kama ala nyingine. Zinazopiga mluzi zina shida yake: mluzi una sauti yake ya juu, na mara nyingi haukubaliani na ufunguo wa wimbo. Juu ya sauti ya mtu anayeimba, husikika kama mtu mwingine anaimba vibaya kando yake. Mimi huziwekea ngoma tupu, au nisizinunue kabisa.

Na vishindo vikubwa je? Hapa kuna jambo ambalo halionekani mpaka ulipime. Mwanga hukufikia papo hapo, lakini sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Fataki ikipasuka mita 100 kutoka kwenye viti, kishindo chake kitachelewa karibu thuluthi ya sekunde. Kwa wimbo wa mapigo 128, huo ni zaidi ya nusu ya pigo. Ngoma inasema hapa, baruti inajibu pale, na sikio linachanganyikiwa lisijue limfuate nani. Spika iko karibu na watu, kwa hiyo haina ucheleweshaji wa kusaidia. Ndiyo maana kwa sehemu ya vishindo nachagua muziki ambao ngoma si nguzo yake: tarumbeta zilizovutwa kwa pamoja, kwaya, kinanda kikubwa. Hapo baruti yenyewe inakuwa ngoma, na popote inapopiga panakuwa pake.

Nje hakuna kuta za kurudisha sauti. Kila umbali kutoka kwenye spika unapozidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Mwaka 1749, mtunzi wa muziki Handel alipoandika muziki wa sherehe ya fataki ya mfalme mjini London, mfalme alitaka ala za kijeshi na hakutaka fidla. Handel akaandikia zumari 24, tarumbeta 9, pembe 9 na ngoma kubwa. Sina hakika kama mfalme aliwaza kuhusu hewa ya nje, lakini masikio yangu yanakubaliana naye: ala za kupuliza hupenya uwanja, nyuzi laini humezwa. Kwa hiyo usichague wimbo ukiwa umevaa visikizi chumbani. Toa spika nje mchana, piga wimbo, kaa kwenye kiti cha mwisho kabisa. Kinachosikika kutoka hapo ndicho wimbo ulio nao. Besi nzito iliyokutetemesha ndani huenda isikufikie hata kidogo.

Sikiliza maneno hadi mwisho. Si kiitikio peke yake. Kuna wimbo ambao kiitikio chake kinataja nyota na anga, nasi tuliupanga kwa siku ya wazazi wetu kutimiza miaka mingi ya ndoa. Mpwa wangu ndiye aliyetustua kwamba ubeti wa tatu ni wa mke anayeondoka. Fikiria pia nani atakaa pale. Kama kuna aliyefiwa karibuni, wimbo wa marehemu wake usimjie ghafla gizani. Muulize kwanza. Huenda akautaka, na basi uuweke kwenye dhahabu.

Kuzikata nyimbo si kazi ngumu. Programu ya bure kama Audacity inatosha. Zipange zote ziwe faili moja, sawazisha ukubwa wa sauti ili wimbo wa pili usiwashtue watu baada ya wa kwanza, na baina ya wimbo na wimbo acha sekunde 4 au 5 za kimya. Usiziunganishe zikapandana kama wanavyofanya kwenye dansi. Kimya hicho ni chako wewe mwashaji, cha kutembea kwenda kwenye boksi linalofuata bila haraka. Simu iunganishwe na spika kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti na hukatika mtu akipita katikati.

Kisha andika karatasi ya zamu. Yangu ina safu tatu: dakika ya wimbo, jina la fataki, na mlango unafungwa lini. Kama kiitikio kinaanza dakika 1:20 na utambi na mpando huchukua sekunde 7, alama ya kuwasha ni 1:13. Mlango ukifungwa 1:30, baada ya 1:23 hakuna kuwasha. Tunasubiri mlango unaofuata, na wimbo unaendelea peke yake huku watu wakitazama nyota, na hakuna ubaya.

Mpwa wangu ndiye hushika muziki na karatasi. Mimi huvaa vizibo vya masikio na miwani, kwa hiyo simsikii. Hunipa ishara kwa tochi ya kijani. Nikimjibu kwa kupunga tochi nyekundu mara mbili, anashusha sauti yote mara moja bila kuuliza, kwa sababu kuna kitu hakiko sawa. Lazima wote wawili mkubaliane kabla ya usiku wenyewe kwamba mwashaji ndiye mwenye amri. Vibali, upepo, majirani na wanyama wa kufugwa ndani ya nyumba ni mambo ya kumaliza siku kadhaa mapema, kwa mujibu wa sheria za mahali ulipo.

Wimbo wa mwisho wa moto uwe na kiitikio kirefu kuliko boksi lako kubwa. Kama boksi ni la sekunde 35, tafuta kiitikio cha sekunde 50. Moto uishe muziki ukiwa bado umesimama juu, kisha wimbo ushuke wenyewe huku moshi ukipita. Kinyume chake, muziki ukaisha na boksi likabaki likilipuka, huacha watu hawajui wapige makofi lini.

Halafu kuna nyimbo ambazo wengi husahau kuzichagua, na mimi nazihesabu sawa na nyingine. Naziita nyimbo za moshi. Baada ya mwanga wa mwisho, kitu ambacho hakikuwaka hakiguswi wala hakiwashwi tena. Nasubiri nusu saa, kisha nalowesha kila kitu kwa maji mengi. Muda wote huo watoto wanatamani kukimbilia uwanjani kuokota makaratasi. Kwa hiyo naweka nusu saa ya nyimbo za polepole ambazo wazazi wao wanazijua kwa moyo, za kuimba wakiwa wamekaa. Watoto huegemea magoti ya mama zao, wengine husinzia. Nikishamwaga ndoo ya mwisho nawasha tochi ya kijani kutoka kule gizani, mpwa wangu anashusha sauti, na viti ndipo vinapoanza kusogezwa.