Kabla Hujaenda Kutazama Garimoshi la Mvuke Likipita Uingereza

Mpwa wangu anayesoma Leeds alitutumia video ya treni ya mvuke huku Tororo, tukaizunguka simu familia nzima. Sekunde kumi na moja, na karibu zote zimejaa kisogo cha mzee mmoja mwenye kofia. Kijana alikuwa amesubiri saa mbili kwenye baridi. Nawaandikia wengine wanaokwenda huko, kwa masomo au kutembelea ndugu, yasiwapate hayo.

Jambo la kwanza ni mwendo. Vichwa vingi vya mvuke vinavyopita kwenye reli kuu za Uingereza huruhusiwa kufika maili 75 kwa saa, kama kilomita 120. Mabehewa kumi na mawili ni mita 250 hivi, kwa hiyo treni nzima inakupita kwa sekunde nane. Ukianza kutafuta kamera ukishasikia honi, umechelewa. Ndiyo maana stesheni ichaguliwe mapema. Stesheni kubwa kama York treni ikisimama unapata nafasi ya kusogea hadi kwenye kichwa, usikie mvuke ukipumua na unuse makaa ya mawe. Stesheni ndogo kama Northallerton, kaskazini mwa York, ni ya kupitwa tu. Mimi ningeanza na ile ya kusimama.

Usitegemee ubao wa matangazo wa stesheni, kwa sababu treni hizi hukodishwa na mara nyingi hazitangazwi pale. Tafuta kwenye tovuti ya Realtime Trains: namba ya safari ikianza na 1Z, hiyo ni treni maalumu. Asubuhi ya siku yenyewe tazama tena, maana kichwa hubadilishwa. Kiangazi majani yakikauka, cheche za makaa zinaweza kuwasha moto kandokando ya reli, na hapo huletwa kichwa cha dizeli. Hata siku njema usishangae kuona dizeli imefungwa mkiani.

Mlangoni panaweza kuwa na geti. Mwombe mhudumu kwa adabu akuruhusu uingie kutazama. Akikataa, nunua tiketi ya kituo kinachofuata.

Sasa usalama, na hapa sisi wa Uganda tuna tabia ya kuacha. Kwetu reli ni njia ya miguu: watoto wanaifuata kwenda shule, na wengine huchungia mbuzi hapohapo. Kule kukanyaga reli bila ruhusa ni kosa la jinai, faini yake inafika pauni 1,000. Simama nyuma ya mstari wa njano. Usitumie flashi, inampofusha dereva, na stendi ya kamera ya miguu mitatu iache nyumbani. Juu ya njia ya York kuna waya za volti 25,000, kwa hiyo ile fimbo ya selfi usiinyanyue. Kusini mwa London ni hatari zaidi kwa mgeni, kwani umeme wenyewe hupita kwenye reli ya tatu, chini kabisa.

Vaa nguo nzito, zisizo nyeupe, masizi hayachagui. Baridi hiyohiyo ina faida yake, kwa kuwa mvuke hugandamana ukawa wingu jeupe linalopendeza kwenye picha. Siku ya joto unaweza usiuone kabisa.

Ukiwa York, vuka uende Makumbusho ya Taifa ya Reli, hakuna kiingilio. Mallard ipo humo, kile kichwa cha mvuke kilichofika maili 126 kwa saa mwaka 1938. Asiye na safari ya Uingereza apande basi hadi Nairobi: kwenye makumbusho ya reli kuna kichwa cha mvuke namba 5918, Mount Gelai, kilichoundwa Manchester miaka ya hamsini. Hicho kilichoma mafuta mazito, wala si makaa.

La mwisho ni la simu. Washa kurekodi dakika mbili kabla, uitie mfuko wa kifuani, kisha tazama kwa macho. Mpwa wangu safari ya pili alifanya hivyo, akatuletea giza tupu lenye sauti. Baba yake, aliyekuwa fayamani enzi zake, yaani mchochea moto wa kichwa cha mvuke, aliisikiliza mara tatu, kisha akampigia kumuuliza yalikuwa mabehewa mangapi. Hakuwa ameyahesabu.