Kuchora mwili wa mtu: tafuta uzito kwanza, sura baadaye

Wateja wanaokuja kibandani kwangu Mwanjelwa kuagiza bango la saluni huangalia uso tu. Uso ukifanana na picha iliyo kwenye simu yao, wanalipa. Mkono ukiwa mfupi kupita kiasi, hawaoni. Ndiyo maana mabango mengi ya Mbeya yana warembo wenye macho mazuri ambao hawajakanyaga chochote, wanaelea tu juu ya namba ya simu. Anayetaka kuchora mtu aliyesimama kweli itabidi ajifunze pembeni ya kazi za wateja, tena ajifunze na wenzake, maana jicho la mchoraji huyazoea makosa yake mwenyewe upesi mno.

Nitaeleza tunavyofanya kwenye kijiwe chetu Jumapili mchana. Tupo wachora mabango, kijana wa tatuu, binti wa hina, mwalimu mmoja wa sekondari, na fundi cherehani wa kibanda cha pili. Huyu wa mwisho hachori kabisa, lakini asipokuja naona kama tumepoteza siku. Sababu utaiona huko mbele.

Vifaa, kwa kifupi

Penseli ya HB na ya 4B zinatosha kuanzia. Karatasi omba kwenye maduka ya kuchapa: mabaki yaliyokatwa pembeni, au yaliyoharibika upande mmoja. Karatasi ya kaki inafaa sana kwa mkaa. Kipande cha hadibodi na vibanio vya nguo ndio ubao wako.

Mkaa wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi. Tengeneza wako. Chukua vijiti vyembamba vilivyonyooka, vimenye ganda, vikauke vizuri, kisha vipange kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Toboa tundu moja dogo juu, weka kopo katikati ya moto. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma, toa kopo na uliache lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa la moto, hewa inaingia na vijiti vinaisha majivu. Kwa kufuta, tumia nyama ya ndani ya mkate. Ukitaka mchoro usichafuke, upulizie dawa ya kushikilia nywele kwa mbali kidogo. Baada ya muda karatasi inaweza kuwa ya manjano, ila kwa mazoezi haina neno.

Nenda wanapopakia viazi

Mazoezi ya kwanza ninayompa mtu yeyote ni kuchora wapakiaji wa magunia. Mbeya haikosi lori la viazi, na mtu aliyebeba lumbesa hana nafasi ya kujipanga kama anayepigwa picha. Omba ruhusa kwanza. Salimia, onyesha karatasi, sema unajifunza. Asiyetaka mwache. Anayetaka kujiona mpe mchoro wake, na kesho yake wenzake watakuita wenyewe. Watoto usiwachore bila mzazi kujua.

Sasa mwangalie aliyebeba. Gunia likiwa mgongoni, kifua na kichwa vinakwenda mbele. Si kwamba amechoka tu. Gunia limevuta uzito nyuma, hivyo lazima mwili uende mbele ili uzito wa vyote viwili, mtu na gunia, uangukie juu ya nyayo. Ukimchora wima na gunia lake mgongoni, umemchora mtu anayeanguka chali. Mama mwenye ndoo kichwani ni tofauti kabisa: ndoo, shingo na mgongo vimepangana juu ya nyayo, na kinachocheza anapotembea ni nyonga. Ukiwaelewa hao wawili, umeshapata nusu ya somo.

Weka simu ikupigie kengele kila baada ya sekunde 30, kisha dakika moja, kisha mbili. Mstari wa kwanza utoke kisogoni ushuke hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Wa pili ni wa mabega, wa tatu wa nyonga. Mengine yafuate muda ukiruhusu. Usifute. Usichore macho, wala vidole. Jaza ukurasa mmoja watu wadogo wengi, halafu geuza upande wa pili.

Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, kama wanavyosimama abiria wanaosubiri daladala, nyonga ya mguu ule hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Kile kishimo cha chini ya koo, katikati ya mitulinga, hukaa karibu juu ya kisigino cha mguu uliobeba. Hakikisha kwa timazi: funga nati kwenye uzi, shika uzi mbele ya jicho lako, uone unapita wapi mwilini. Mafundi waashi wanacheka wakituona na timazi, lakini kazi ni ileile.

Ukifika Iringa, tenga saa moja, upande hadi Igeleke, nje kidogo ya mji, uone watu na wanyama waliochorwa mwambani kwa rangi nyekundu. Waliochora hawakuhangaika na sura. Angalia jinsi mwili mdogo kabisa, wa mistari michache, unavyojulikana kuwa ni wa mtu.

Vipimo, na msaada wa fundi cherehani

Nyoosha mkono, kiwiko kisikunjwe, funga jicho moja, pima kichwa cha mtu kwa penseli. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu. Katikati ya urefu wake ni pale miguu inapoanzia, wala si kiunoni kama wengi wanavyodhani. Mikono ikining'inia, kiwiko huwa usawa wa kiuno na kifundo cha mkono usawa wa mwanzo wa miguu. Kiganja kikifunguliwa hufunika uso kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Mtoto mchanga ni tofauti: kichwa chake ni karibu robo ya urefu wote. Wanaochora mama na mtoto mgongoni husahau hilo, na mtoto anatokea kuwa mtu mzima aliyepunguzwa.

Hivi ni vipimo vya kukagulia, si sheria. Kuna watu warefu wa miguu, kuna wafupi wa shingo, na ukimchora kila mtu kwa vichwa saba na nusu utakuwa na mtu mmoja tu maisha yako yote.

Fundi cherehani anajua haya bila penseli. Kazi yake ni kugundua bega lililoshuka na mgongo uliopinda kabla hajachukua tepu. Anatufaa zaidi wakati wa baridi. Juni na Julai hapa Mbeya kila mtu amejifunika: koti la mtumba, sweta, kitenge juu yake. Mwili uko wapi? Yeye ndiye aliyetufundisha kuangalia nguo inaposhikiliwa. Mikunjo huanzia pale kitambaa kinapobanwa au kinapoegemea: begani, kiwikoni, kwenye fundo, nyongani, gotini. Basi weka alama za nukta kwenye sehemu hizo kwanza, hata kama huzioni moja kwa moja, halafu chora nguo ikining'inia kati ya nukta na nukta. Kitenge kilichombeba mtoto kinakaza kutoka chini ya makalio ya mtoto hadi kifuani kwa mama. Mikunjo ya hapo imenyooka, imevutwa. Ile ya pindo la chini imelegea. Ukiichora yote sawasawa, mtoto hana uzito.

Kwa michoro ya muda mrefu tunamlipa kijana asimame. Tunakubaliana malipo kabla, na anabaki na nguo zake, kaptura na fulana. Dakika 20 anasimama, tano anapumzika. Zungushia nyayo zake chaki sakafuni ili akirudi akanyage palepale. Mkiwasha jiko la mkaa kwa ajili ya baridi, mlango na dirisha viwe wazi. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Kukosoana bila kuvunjiana heshima

Hapa ndipo vijiwe vingi vinapokwama. Mzee akileta mchoro, kijana atasema nini? "Nzuri sana, mzee wangu." Amesema uongo kwa adabu, na mzee anaondoka na mguu wake uleule mfupi. Vijana kwa vijana nao ni tatizo la upande mwingine: wanachekana mpaka mmoja haonekani tena.

Dawa yetu ni utaratibu. Shikamoo zote zinaishia mlangoni. Karatasi zinabanwa kwenye kamba bila majina, tunarudi nyuma hadi ukuta wa pili, na mwenye umri mdogo kuliko wote ndiye anayeanza kusema. Akianza mkubwa, wadogo watarudia aliyosema yeye. Maneno matatu hayaruhusiwi: nzuri, mbaya, na jitahidi. Hayaonyeshi mahali. Mtu akiwa na la kusema, achukue fimbo aguse karatasi.

Kabla ya kutafuta kosa, kila mmoja aseme mtu wa kwenye karatasi anafanya nini. "Huyu anavuta kamba." Kumbe mwenye mchoro alimchora anayesukuma toroli. Hapo tayari ameshapata jibu, na hakuna aliyemtukana. Mwenye mchoro anakaa kimya mpaka wote wamalize. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana mdomo unawasha kujieleza: mwanga ulikuwa mdogo, yule mtu alitikisika. Karatasi haitatembea na wewe ukiieleza.

Zamu yake ikifika, anauliza swali moja, nalo liwe la mahali. "Mnaonaje?" halina faida, litaletewa "iko poa". Uliza: uzito uko mguu gani? Kiwiko hiki kinakuja mbele au kinakwenda nyuma? Bega lipi liko juu? Maswali ya namna hii hata mdogo anaweza kumjibu mkubwa bila aibu, kwa sababu anajibu kuhusu mguu, hamjibu mzee. Binti wa hina, ambaye wiki za mwanzo alikuwa haongei, siku hizi anasema, "Mzee, naomba nikuulize, huu wa kushoto mbona haujakanyaga?" Na mzee anainama kuangalia.

Pakiwa na ubishi, mkosoaji asimame ajipange kama mchoro ulivyo. Fundi cherehani analipenda zoezi hili. Akishindwa kusimama bila kushika meza, mchoro una kasoro. Akiweza, tunaangalia mahali pengine. Kurekebisha moja kwa moja kwenye karatasi ya mtu ni marufuku. Tandaza juu yake karatasi nyepesi inayoonyesha, chora hapo, kisha iondoe, mwenyewe alinganishe.

Utapokea maoni mengi, usiyabebe yote. Watu watatu wakigusa mahali pamoja, pana kitu. Akigusa mmoja, pima kwa timazi au penseli kabla ya kukubali. Na hili nalisisitiza: wenzako mara nyingi wanapatia mahali penye kasoro, lakini wanakosea dawa. Watasema kichwa ni kikubwa. Pima, na huenda ukakuta kichwa kiko sawa, mabega ndiyo yamebanwa. Ukipunguza kichwa kwa kuwatii, umeharibu mara mbili. Kuna pia mambo ya ladha. Kijana wetu wa tatuu hurefusha miguu kwa makusudi, na anaweza kukuambia kwa nini. Anayeweza kusema kwa nini, mwache. Anayesema "ndiyo staili yangu" baada ya kuulizwa mguu uko wapi, huyo mpe timazi.

Wiki ambayo wenzako hawapo, geuza mchoro kichwa chini, au uangalie kwenye kioo cha saluni. Bega lililopinda litajitokeza lenyewe. Ukituma kwenye kundi la WhatsApp, bandika karatasi ukutani, simama mbali kiasi, simu iwe sambamba na ukuta. Ukipiga kutoka juu karatasi ikiwa mezani, simu ikiinama, vipimo vya mwili hupotoka, na watu watakukosoa kwa kosa la simu. Kwa sababu hiyohiyo, jihadhari kuchora kutoka kwenye picha zilizopigwa karibu: kichwa huvimba, nyayo hupotea.

Mchoro uliokosolewa usiukarabati. Andika tarehe na hoja moja nyuma yake, hoja moja tu, kisha chora mkao uleule upya kwenye karatasi mpya kabla Jumapili nyingine haijafika. Muombe hata ndugu yako asimame dakika kumi jikoni. Njoo na karatasi zote mbili, uzibane kwenye kamba pamoja, na usiseme ipi ni ya kwanza.