Kujaribu kumbukumbu isiyofutika na Memcached (programu ya kuhifadhi data ya muda kwenye RAM), bila kununua Optane

Intel walitangaza mwaka 2022 kuachana na Optane, kumbukumbu yao inayobaki na data hata umeme ukikatika, kwa hiyo mimi naiigiza tu kwenye kompyuta yangu kuukuu ya Linux yenye RAM ya GB 16. Ongeza memmap=4G!12G (tenga GB 4 za RAM kuanzia GB 12) kwenye mstari wa kernel ndani ya GRUB, programu inayowasha Linux, washa kompyuta upya, utaona /dev/pmem0, yaani pmem (kumbukumbu isiyofutika) ya kuigiza. Kisha (dax ni kuifikia pmem moja kwa moja, -m ni ukubwa wa kumbukumbu kwa MB, -e ni faili la kuwekea data):

mkfs.ext4 /dev/pmem0
mount -o dax /dev/pmem0 /mnt/pmem
memcached -m 2048 -e /mnt/pmem/data

Ingiza funguo mbili tatu na thamani zake, halafu zima Memcached kwa kill -USR1. Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima: nilikuwa napiga kill ya kawaida, na kila nikiiwasha nakuta patupu. Ukiiwasha tena, usibadilishe -m.

Wa kuandika msimbo wenyewe, angalieni. Maktaba ya memkind inakupa malloc (kuomba kumbukumbu kwenye C) juu ya pmem, ila programu ikifungwa data imekwenda. Ya kudumu ni maktaba ya libpmemobj, na humo usihifadhi pointa ya kawaida (anwani ya kumbukumbu). Hifadhi PMEMoid, kitambulisho chake cha kitu ndani ya faili, maana faili likifunguliwa upya anwani inaweza kuhama.

Na pmem hii ya kuigiza ni RAM tu jamani, umeme ukikatika imekwisha.