Jinsi ya kumpeleka mteja kuvua trauti mito ya Aberdare na Mlima Kenya, hatua kwa hatua

Hii naandikia vijana wa huku Nyeri, Kiganjo, Naro Moru mpaka Nanyuki ambao huniuliza kazi ya kutembeza wageni mtoni inafanywa aje, na pia wewe wa Nairobi unayetaka kuja wikendi ujue mwongozaji unamlipia nini hasa. Siongelei nyavu wala minyoo, naongelea kuvua kwa flai, ile ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu. Samaki ni trauti. Kuna wageni hufika wakiulizia paiki, huyo hatuna, ni wa mito na maziwa ya Ulaya na Marekani huko, mwambie mapema kabla hajalipa. Anayetaka besi, samaki mwingine wa kuletwa, aende Ziwa Naivasha, aliletwa kule miaka ya 1920 na bado yupo, lakini hiyo ni safari ya boti, kazi tofauti kabisa.

Trauti mwenyewe ni mgeni hapa. Wale wa kahawia walitoka ziwa la Loch Leven, Scotland, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye aliwaleta mto Gura mwaka 1905, alafu reinibo, aina ya pili ya trauti, wakafuata 1910 kutoka Afrika Kusini. Mpaka leo kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vyao hapa Kiganjo. Mteja hukuuliza haya wakati wa chai kwa hivyo uwe nayo kichwani.

Sasa kabla ya hatua yoyote shika hili: samaki wengi wa mteja hawapotei kwa ndoana, wanapotea kwa miguu. Mtu anafika ukingoni amesimama wima, kivuli chake kimelala juu ya maji, anakanyaga kama anaenda sokoni, na trauti ameshakimbia chini ya jiwe kabla rodi, ile fimbo ya kuvulia, haijainuliwa. Alafu mtu huyo huyo anasema mto hauna samaki. Kazi yako kubwa ni kumpunguza kasi, na ndio maana hatua zingine hapa nitazipita haraka.

Hatua ya 1: Chagua wakati, usichaguliwe

Mvua ndefu kuanzia Machi mpaka Mei mito inakuwa rangi ya chai ya maziwa, trauti haoni flai na wewe huoni unakanyaga nini. Oktoba mpaka Desemba mvua fupi nazo zinachafua ingawa kuna siku katikati maji yanasafika ukapata nafasi. Mimi napenda Januari na Februari, na pia Juni mpaka Septemba ukivumilia ukungu na baridi ya Julai. Kiangazi kikizidi, sehemu za chini upande wa Nanyuki mito inapungua sana manake maji mengi yanavutwa kwenda mashambani, na maji machache yakipigwa na jua yanapata joto. Trauti anataka maji baridi, yakifika kama nyuzi 20 anaanza kuchoka na hataki kula, na hata ukimshika ukimrudisha anaweza kufa. Siku kama hiyo panda juu zaidi msituni ama ahirisha. Mteja akikasirika mwache akasirike.

Asubuhi usimtoe mtu saa kumi na moja ati kwa sababu ndio wavuvi huamka. Huku juu maji ya alfajiri ni barafu na wadudu hawajaamka, ukianza saa tatu hivi jua likigusa maji inatosha. Jioni saa kumi kwenda mbele pia ni nzuri, lakini uwe umetoka msituni kabla ya giza, sababu naeleza sasa hivi.

Hatua ya 2: Vibali, na wenye msitu

Leseni ya kuvua inatoka ofisi ya uvuvi, na hapo hapo uliza mwaka huu mto upi umefunguliwa, samaki wangapi mtu anaruhusiwa kubeba na wa urefu gani. Usitegemee kile jirani alikwambia. Kama unaingia ndani ya hifadhi ya Aberdare ama Mlima Kenya kuna kiingilio cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, kabla hujafika getini, mtandao wa huko juu usiutegemee.

Alafu kuna ndovu na nyati. Hili silifanyii mzaha. Mtu anayevua anaangalia maji tu, masikio yamejaa sauti ya mto, na nyati amelala kwa kichaka hatua chache nyuma yake. Ndani ya hifadhi chukua askari mwenye bunduki, na kwenye msitu wa nje tembea na mzee wa eneo hilo anayejua njia za wanyama, umlipe vizuri. Yeye hashiki rodi, yeye kazi yake ni kuangalia nyuma. Ukiona kinyesi cha ndovu bado kinatoa moshi, mnageuka, hata kama kidimbwi kizuri kuliko vyote kiko mbele yenu.

Hatua ya 3: Vifaa

Mgeni wa kutoka nje atakuja na sanduku la vitu mpaka ushangae. Mito yetu mingi ni myembamba, Thego, Burguret, Naro Moru, matawi yanafunika juu, kwa hivyo rodi ndefu ni ya kukwama tu. Rodi ya futi saba mpaka nane, namba 4 ama 5 (hiyo namba ni uzito wa mshipi inaoubeba), mshipi wa kuelea, na nailoni nyembamba ya mbele isizidi urefu wa rodi yenyewe. Gura na Chania kule juu kwenye nyasi za wazi unaweza kutumia futi nane na nusu kwa sababu ya upepo.

Flai usinunue aina hamsini. Chukua ile nyeusi inaitwa Kenya Bug, ilibuniwa hapa hapa nyumbani na inashika, ongeza nimfu, flai za mfano wa mdudu mchanga wa majini, za kahawia za kuzama na chache za kuelea, ukubwa namba 10 mpaka 14. Na watu hawajui hili: Kenya inafunga flai nyingi sana kwa mkono na kuziuza Ulaya na Marekani, kwa hivyo mgeni anaweza kupanda ndege na flai iliyofungwa Nairobi akidhani ni ya kwao. Zinunue hapa.

Ndoana zote bonyeza kile kijino kwa koleo kiwe bapa. Inatoka rahisi kwa mdomo wa samaki na, muhimu zaidi, kwa sikio la mteja. Miwani ya polaroidi ni lazima, hata za bei rahisi, zinakata mng'ao uone ndani ya maji na zinakinga macho. Kofia, nguo za kijani ama kahawia, koti ya mvua, gambuti zenye soli isiyoteleza. Suruali ndefu pia, thabai, ile mimea inayowasha, za ukingoni haziulizi pasipoti.

Hatua ya 4: Mfundishe kwenye nyasi kwanza

Usimfundishe mtu kutupa mshipi akiwa mtoni. Tafuta uwanja, funga kipande cha uzi mwekundu badala ya flai, na umwambie mkono utembee kati ya saa nne na saa saba za ukutani (mshale kwenye 10 na 1), uso ukiangalia saa tatu (mshale kwenye 9), usivuke hapo. Akirudisha rodi nyuma asimame kidogo, mshipi unyooke nyuma, ndipo apeleke mbele. Wanaume wenye nguvu ndio wabaya zaidi, wanataka kurusha kama mkuki. Kina mama wengi na watoto wanashika haraka kwa sababu wanaacha rodi ifanye kazi.

Chini ya miti hakuna nafasi ya nyuma, kwa hivyo mwonyeshe njia mbili zingine. Moja ni kuviringisha: mshipi uko juu ya maji mbele yake, anainua rodi pole pole mpaka mshipi unalegea kando ya bega, alafu anakata mbele na unajiviringa kwenda. Nyingine ni ya upinde, anashika flai kwa vidole kwenye mpindo wa ndoana, ncha isimguse, anavuta rodi ipinde, analenga chini ya tawi, anaachia. Inaonekana mchezo wa watoto lakini mto Thego samaki wengi wanatoka hivyo.

Nusu saa inatosha. Mkifika hapo mshipi wake unaenda hatua saba nane mbele, twende mtoni, haitaji zaidi.

Hatua ya 5: Kusogea

Hapa ndio pesa yako. Trauti hulala akiangalia maji yanakotoka, chakula kinamjia kutoka juu, kwa hivyo nyuma yake ndio upofu wake. Anza chini ya mto upande kwenda juu, kila mara. Ukiona kidimbwi, simamisha mteja mbali, mpige magoti. Ndiyo, hata kama ni mzee wa kampuni kubwa, mwambie kwa heshima, "Mzee, hapa tunapiga magoti," na wewe upige kwanza. Akikuona umejishusha hatabisha.

Jua likiwa mgongoni kivuli kinatangulia, badilisha upande. Mguu ushuke taratibu manake ardhi ya ukingoni ina mizizi na mashimo chini na inapiga kama ngoma, samaki anasikia kwa mwili wake. Kuongea kwa sauti ya kawaida sio shida sana, kinachomkimbiza ni kishindo na kitu kinachosonga juu yake. Na usiruhusu mtu kuingia majini kama anaweza kutupa akiwa nje, watu wengi wanasimama pale pale samaki alikuwa amelala.

Kabla ya kutupa mara ya kwanza mkae tu dakika tano mkiangalia. Mteja ataona ni kupoteza wakati. Mwonyeshe kile kiduara kidogo juu ya maji, pale mdudu alikuwa na sasa hayupo, akishakiona kimoja kwa macho yake hutamsukuma tena, atakaa mwenyewe.

Hatua ya 6: Soma maji

Fuata povu. Lile povu jeupe linaloteremka kwa mstari ndilo linabeba wadudu, na trauti anakaa kando yake, sio katikati ya nguvu. Anataka sehemu ambayo maji ya haraka yanapita karibu lakini yeye mwenyewe hachoki: nyuma ya jiwe, mbele ya jiwe pia (watu husahau mbele), chini ya ukingo uliolika, mkiani mwa kidimbwi mahali maji yanaanza kuwa membamba. Gura ni mto wa kasi sana, unashuka mlima kama umefukuzwa, kwa hivyo huko usihangaike na katikati, vua vile vimfuko vya maji tulivu kando kando.

Panga kidimbwi chako: kwanza mkia, alafu katikati, mwisho kichwa, pale maji yanapoingia. Ukirusha kichwani moja kwa moja unamtisha yule wa mkiani, anapanda mbio anaamsha wote.

Hatua ya 7: Flai itembee kama haijafungwa

Ikiangukia maji iende kwa mwendo wa maji tu. Ikianza kuvutwa na mshipi, ikichora mstari juu ya maji, trauti anaikataa. Ndio maana tunatupa kifupi, tunainua rodi juu ili mshipi mwingi usiguse mkondo wa katikati. Nimfu ya kuzama huoni, kwa hivyo angalia mahali nailoni inaingia majini, ikisita ama ikienda kando, inua. Mara nyingi ni jiwe. Inua tu.

Tupa mara tatu nne sehemu moja, hakuna kitu, songa. Mteja akishaanza kuchapa kidimbwi kimoja nusu saa umempoteza yeye na samaki pamoja.

Hatua ya 8: Ameshika

Atapiga kelele, hiyo sawa. Mwambie rodi juu, mshipi usilegee, samaki akitaka kwenda aende, asishike rili kwa nguvu. Wengi wa mito hii ni wadogo, urefu wa kiganja na nusu hivi, na hapa usimdanganye mtu mapema ati atatoa mnyama wa kilo tatu, mwambie ukweli siku ya kuweka nafasi.

Wavu ushike wewe, uloweshe kwanza, uweke majini chini ya samaki, usimfukuze nao. Mikono yako ilowe pia, mkono mkavu unatoa ute wa ngozi na samaki anapata ugonjwa. Picha? Mwambie ashike pumzi akimtoa majini, pumzi ikiisha samaki anarudi. Kumrudisha unamshika taratibu kichwa kikielekea juu ya mto mpaka aondoke mwenyewe, usimtupe.

Wa kula, kama leseni inaruhusu, amueni mapema ni wangapi, umpige kichwani mara moja, umpasue hapo hapo uangalie tumboni alikula nini. Hiyo ndio itakwambia flai ya mchana. Jioni siagi, chumvi, ndimu kidogo, basi, usimharibu kwa royco.

Hatua ya 9: Pesa na mambo madogo

Chukua nusu kwa M-Pesa kabla, na umwandikie wazi bei ina nini ndani: wewe, askari ama mzee wa njia, chakula, rodi. Viingilio na leseni alipe kando ili asifikirie unamla. Mzee wa njia mlipe siku hiyo hiyo mbele ya mteja, mara nyingi mteja naye anatoa chake juu.

Takataka zote mrudi nazo, hasa vipande vya nailoni, ndege wanajifunga nazo miguu. Ukikuta watu wametega nyavu ama wametia sumu usiwavamie ukiwa na mgeni, pita, ripoti ukitoka. Ukifika nyumbani anika mshipi na gambuti, na andika kwa daftari mto gani, rangi ya maji, flai gani ilishika, ndovu walikuwa wapi. Mteja wa wiki ijayo atapiga simu usiku kuuliza mto uko aje, na utamjibu kutoka kwa hiyo karatasi.